Kiraka cha Safari ya Kasulu

Sikuwa na pampu, gundi, msasa wala spana. Nilikuwa na baiskeli, miaka sabini na moja, na hamu ya kumwona dada yangu Kasulu.

"Pancha ikikupata njiani, kule Kidahwe, utamwita nani?" mke wangu Dorotea aliniuliza. "Ziba moja mbele yangu, ndipo uende."

Nilinunua vifaa vyote, nikatoboa tyubu kwa msumari. Kiraka cha kwanza kilibanduka, kwa sababu nilikibandika gundi ikiwa mbichi.

"Mzee, kule shule yako ya usiku ya watu wazima hawakukufundisha kusubiri?" Dorotea aliuliza.

Mara ya pili nilipuliza gundi mpaka ikakauka, nikakandamiza kiraka kwa kisigino. Nikajaza upepo, nikaizamisha tyubu kwenye beseni. Tuliinama wote wawili, vichwa vikigusana.

Povu halikutoka.

"Jaza tena!" Dorotea aliagiza.

Nilijaza hadi tyubu ikavimba kama chatu aliyeshiba. Maji yakatulia tuli.

Dorotea alinyanyuka, akaleta vijiko viwili vya chuma. "Vya kutolea tairi. Fungasha."

Niliketi papo hapo nikaandika: "Dada, shikamoo. Jumamosi nakuja kwa baiskeli." Nikalamba bahasha, nikaifunga, nikamkabidhi kondakta wa basi la Kasulu.