Ukurasa wa Themanini na Tatu

Kitabu kilikataa kushika moto. Mzee alikisukuma kwa kijiti hadi katikati ya jiko la mkaa, akapepea, mpaka jalada likajikunja na maneno yakaanza kumezwa moja baada ya jingine: Jijengee Kompyuta Nyumbani. Jina la mwandishi ndilo lililochelewa kuungua. Lilikuwa jina lake mwenyewe.

Wauza vitabu vya mitumba walimwita Mzee Nakala. Walidhani ni uzee tu, mtu anakusanya kitabu alichoandika ujanani. Walimtania, lakini wakikiona walimwekea. Hakuna aliyewahi kuuliza anakwenda kukifanya nini.

Kilichapwa mara moja tu, miaka thelathini na minne iliyopita, nakala mia tatu. Mia mbili na kumi hazikununuliwa, akaziteketeza zote. Tisini zilizobaki alizisaka sokoni, minadani, kwa wajane wa mafundi redio. Hii ya leo ilikuwa ya themanini na tisa.

Tatizo lilikuwa ukurasa wa themanini na tatu. Kulikuwa na mchoro wa nyaya za umeme, na nyaya mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Mtu akiufuata sawasawa, umeme wote ulikwenda kwenye kasha la bati la mashine. Mzee aligundua kosa hilo siku gazeti lilipotoa habari za fundi saa aliyekutwa amekufa mezani kwake, kiganja juu ya mashine aliyoijenga mwenyewe. Alikimbilia kwa mchapishaji. Mchapishaji alifunga mlango, akamwambia neno moja: "Nyamaza."

Akanyamaza. Akahama nyumba mara mbili. Akabadili namba ya simu.

Majivu yalikuwa hayajapoa simu ilipolia. Alikuwa muuza vitabu.

"Mzee Nakala, jana alikuja mama mmoja na kitabu chako. Hauzi ng'o! Alitaka kujua unakaa wapi tu."

"Ukamwambia?"

"Si nilidhani utafurahi?"

Kabla hajajibu, mlango uligongwa.

Alikuwa mama wa makamo, amevaa nguo za kutokea, kitabu amekikumbatia kifuani. Mzee alikitambua hata kabla ya kuona jalada.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Miaka miwili nakutafuta. Barua zinarudi, simu haiingii. Wewe unajua kujificha!" Alicheka kidogo. Mzee hakucheka.

"Hicho umekipata wapi, mwanangu?"

"Cha marehemu baba. Alikuwa fundi saa."

Mzee alishika kiti, akakaa taratibu.

"Nilikuwa na miaka tisa," mama yule aliendelea, bado amesimama. "Mimi ndiye niliyemkuta. Amelala juu ya meza, mkono juu ya mashine, kitabu kiko wazi pembeni. Nilijiambia, nikikua nitamtafuta mtu aliyekiandika. Nitamtazama usoni kwa macho yangu."

Na kweli alimtazama. Mzee alihesabu maua kwenye kitambaa cha meza.

"Twende, Mwalimu. Gari liko nje."

"Wapi?"

"Utapaona. Kuna watu wanakusubiri."

"Watu gani?"

"Ukifika utawajua. Vaa viatu, tumechelewa."

Sauti yake haikuwa ya ukali, na hilo ndilo lililomtia mzee baridi mgongoni. Aliwaza kaka zake mama huyu, watu wazima sasa, wamekaa kimya kwenye chumba fulani. Aliwaza polisi. Akashangaa kuona kwamba polisi angewapenda zaidi.

"Nipe kwanza kitabu," alisema. "Nikishike kidogo."

Mama yule alikitoa kwa mikono miwili, kama mtu anayemkabidhi mwenziwe mtoto mchanga. Mzee alikipokea, akainuka, akakitupa kwenye jiko la mkaa na kukikandamiza kwa kijiti.

"Mwalimu! Unafanya nini?"

"Sasa nipeleke unakotaka," alisema mzee, na machozi yakamtoka. "Baba yako hakukosea hata waya mmoja. Alifuata nilichochora. Mchoro ulikuwa mbaya, mwanangu. Nililijua hilo nikafunga mdomo, na kwa miaka yote hii nimekuwa nikivichoma. Hicho ndicho kilikuwa cha mwisho. Hakitamuua mtu mwingine."

Alijisikia mwepesi. Lije lolote sasa, alikuwa tayari.

Mama yule aliyageukia makaa. 

"Walituambia ni moyo," alisema polepole. "Miaka yote hii tunajua ni moyo."

Kisha akashtuka kama aliyemwagiwa maji. Mkono ukazama kwenye mkoba, ukatupa funguo sakafuni, ukatupa kitana, ukaibuka na simu.

"Nilikuja kukuchukua uwe mgeni rasmi," alisema, vidole vikitafuta namba. "Nimekichapa upya, Mwalimu. Kwa kumbukumbu ya baba. Nilitaka ruhusa yako, hukupatikana. Shule arobaini, kila shule imejenga mashine yake, na leo wanaziwasha zote kwa pamoja. Niliwaambia tukichelewa wasitusubiri."

Simu ilipokelewa upande wa pili.

"Wazuie!" alipiga ukelele. "Mwalimu mkuu, wazuie, wasiguse!"

Lakini ng'ambo hakukuwa na wa kumsikia. Kulikuwa na sauti za watoto mamia kwa mamia, zikishangilia na kuhesabu kwa pamoja kurudi nyuma, na tayari walikuwa wamefika mbili.