Gari la Kukodi

Glenda alipofungua mlango alimkuta jirani yake ameshika bakuli lile lile alilompelekea makaroni siku ya msiba. Sasa lilikuwa na pai ya pichi, bado ya moto.

"Chombo hakirudi kitupu," yule mama alisema. "Nikaribishe basi, au mpaka nipige magoti?"

Wakakaa jikoni. Mwezi ulikuwa umepita tangu polisi wamuue mwana wa yule mama kwa risasi. Rangi ya kucha aliyopaka siku ya mazishi ilishabanduka, imebaki kwenye kidole gumba tu.

"Jirani, wanasema nalipwa nilie kwenye televisheni. Jana mtangazaji kasoma hewani kabisa, eti nimenunua gari jipya. Gari lenyewe dada yangu alilikodi aje kuzika."

Glenda akaleta sahani na uma.

"Mimi nikijibu, wanasema naigiza tena. Wewe mzungu mwenzao, watakusikiliza. Niandikie."

Akasogeza simu mezani na kumwonyesha. *Naishi mtaa wake. Gari jipya liko mlangoni kwake, nimeliona kwa macho yangu.* Aliyeandika anajiita Jicho la Mtaa. Watu elfu arobaini walikuwa wameyasambaza maneno hayo.

Jina hilo Glenda alijipa mwenyewe. Maneno yale aliyaandika akiwa kwenye kiti hicho hicho, pazia amelifunua kidogo.

"Tuanze na huyu, ndiye chanzo," yule mama alisema, akimkatia kipande kikubwa. "Ila kula kwanza, pai itapoa."

Glenda aliweka uma chini.

"Huyu namjua," alisema.