CD Isiyo na Alama

"Usiweke alama hata moja," alisema Bibi Tupokigwe, akapiga kofi meza ya kompyuta.

Siham, mwenye kibanda cha kuchomea CD pale Ibighi, akashusha pumzi. Wateja wote hutaka kila wimbo uwe na alama yake, ili mtu achague autakao. "Bibi, bila alama CD nzima inakuwa wimbo mmoja. Mtu akibonyeza kuruka, inarudi mwanzo."

"Hapo hapo. Siku watu watakapokusanyika kwangu, shemeji yangu Andrea atakaa karibu na redio. Kuizima ataona haya mbele za watu. Ataruka, kama anavyoyaruka maneno yangu kila kikao cha ukoo tangu mume wangu afariki. Analitaka shamba langu la migomba. Eti Neema ni mtoto wa kike, harithi. Mjukuu wangu anayenitunza!"

"Si umkatalie mwenyewe siku hiyo?"

"Siku hiyo nitavaa nyeupe, niko katikati ya watu. Sitagombana na mtu."

Siham akacheka. Mji mzima ulijua Neema amechumbiwa Isongole. "Bibi, unataka kumpokonya mwenzio shela?"

Kikongwe aliomba kipaza sauti, akamwamuru Siham atoke nje. Siham akatoka, kwenye kibanda chake mwenyewe! Aliporudi aliapishwa asiyasikilize maneno yale, ayatangulize tu mbele ya nyimbo za kwaya. Alichukia, lakini akafanya. Ukaidi wa namna ile ulimpendeza.

"Ndaga fijo, mwanangu," bibi alishukuru, akaifunga CD kwenye pindo la kitenge. "Neema atakuja kukuita."

Neema alikuja kweli, mvua zilipokatika. Huko Masoko, nyumbani kwa bibi, Siham alikuta maturubai yamefungwa, masufuria ya ndizi yanatokota na wanakwaya wamejaa tele. Andrea alikuwa amesimama mbele, ananyoosha koti, kwani ndiye msemaji wa ukoo.

"Sasa, kuhusu shamba," akaanza.

Neema akawasha redio.

"Ndugu zangu," ikasema sauti ya bibi.

Andrea aliirukia redio, akabonyeza.

"Ndugu zangu."

Akabonyeza tena, na tena, jasho likimtoka. Minong'ono ikazidi. Mzee mmoja akamwambia autoe mkono wake pale. Akautoa.

"Ndugu zangu, asanteni kwa kuja kunizika. Shamba ni la Neema. Andrea, kaa chini."