Njoo na Fuko

Palikuwa na Kindi ambaye hajawahi kulala nje ya mti wake. Siku ya kupiga kambi ilipokaribia, alimuuliza Nungunungu, aliyejiona mjuzi wa porini, abebe nini.

"Hema ninalo. Wewe njoo na fuko tu."

Kindi, asiyejua kuuliza mara mbili, akaenda kumbembeleza Fuko, yule mchimba mashimo, wakaja pamoja.

"Nilisema fuko la kutilia nguo, mshamba we!" Nungunungu alicheka mle hemani hadi miiba ikamsimama, ikalitoboa hema kama chujio.

Mara mvua ikashuka. Fuko akachimba shimo, akaingia na Kindi. Nungunungu, ameloa chapachapa, akachungulia.

"Jamani, nafasi ipo?"

"Pole, kaka," Kindi alijibu. "Fuko limejaa."