Paa la Gari la Mundhir

"Usimwagie maji ya moto!" Ibtisam alipiga kelele dirishani, ingawa mumewe hakuwa na maji ya aina yoyote. Alikuwa na brashi laini tu, anapangusa theluji juu ya paa la turubai la gari la mtoto wao Mundhir.

"Simwagii," alijibu Msabaha.

Kelele zile Ibtisam alizipiga kusudi. Alitaka mumewe abaki huko huko nje, kwenye baridi ya Lewisham, mbali na simu. Alfajiri, Msabaha akiwa msikitini, kaka yake Ibtisam alipiga: Mundhir amepata ajali Maskati, amefariki.

"Mumeo usimwambie kitu," alisema kaka. "Moyo wake ndiyo kwanza umefanyiwa opareshini. Nakuja na watu, tumwambie taratibu."

Ndiyo desturi yetu hiyo. Habari ya kifo haimwagwi tu kwa mgonjwa, hata ukiwa Ulaya. Basi Ibtisam akakaa nayo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye hata kulia hakuruhusiwa. Aliuma upindo wa mtandio, akanawa uso, akarudi dirishani.

Msabaha aliporudi kutoka msikitini aliiweka simu mezani akatoka tena, hata chai hajanywa. Gari hilo jamani! Mundhir alimwachia alipokwenda kufanya kazi Omani, na maagizo tele: barafu isikwanguliwe kwa chuma, paa lisikunjwe likiwa bichi litaota kuvu, na kioo cha nyuma ni plastiki, ukikikunja kwenye baridi kinapasuka. Mzee kayahifadhi yote kama Alhamdu.

Ibtisam aliiendea simu ya mumewe mezani ili aifiche. Ilikuwa imezimika. Afadhali, chaji imekwisha.

"Bwana, pangusa na pembeni! Na hicho kioo cha nyuma!"

"Haya, mama Mundhir."

Haya? Mtu mbishi yule, ukimwambia kumekucha atakwambia ni mbalamwezi, leo anasema haya! Ibtisam akaingiwa na hofu. Pengine kifua kinambana.

"Umekunywa dawa yako ya presha?" aliuliza Msabaha bila kugeuka.

"Nimekunywa. Wewe je, moyo?"

"Mzima. Kaa kitako, usihangaike na mlango. Akija mtu nitamkaribisha mimi."

Kukaa kitako, wapi! Alikwenda jikoni, akawasha jiko, akalizima, akarudi dirishani. Mawazoni alimwona mumewe anadondoka pale pale ubavuni mwa gari, na ambulensi haijafika. Ee Mola, mmoja umeshamchukua, huyu niachie.

Saa nne gari likasimama mbele ya nyumba. Akashuka kaka yake, imamu, na wanawake wawili wa mtaani. Ibtisam hata viatu hakuvaa. Alitoka mbio kwenye theluji, apate kumdaka mumewe akianguka.

Msabaha alikwishawawahi getini, kaitandaza mikono, kawazuia njia.

"Taratibu jamani," alikuwa akiwanong'oneza, macho yamemwiva. "Mama yake bado hajui. Nimekaa nayo peke yangu tangu nilipopigiwa simu msikitini."