Bibi wa Kikapu Kwenye Kona ya Runinga

Yule bibi alikuwa amesimama tena mbele ya runinga kubwa, kikapu mkononi, lakini runinga hakuitazama. Alikuwa akimtazama Mama Rimoti.

Mama Rimoti ndiye muuzaji wa kona ya runinga katika duka hili la bei chee, duka ambalo ukiingia kutafuta sabuni unatoka na ndoo, viatu vya mvua na saa ya ukutani. Jina alipewa na wenzake kwa sababu rimoti zote alizitia mfukoni mwa aproni, watoto wa wateja wasije wakachezea stesheni. Mteja gani anakuja wiki nzima, anauliza kila kitu, ila bei haulizi?

Sababu ya kushuku alikuwa nayo. Maneno yalikuwa yamezagaa kwamba duka na kampuni ya runinga wako mbioni kuachana, na lisemwalo lipo. Ikasemwa pia kwamba mtu ametumwa kuja kuchunguza kimyakimya, kama mnunuzi wa kawaida. Runinga zikiondoka, kona inajazwa mabeseni na kibarua cha Mama Rimoti kinaota nyasi. Mume hana, watoto ni wawili, na mama yake mzazi anamtegemea yeye.

“Mpelelezi wa kampuni awe bibi kizee?” muuza ndoo, rafiki yake wa kona ya pili, alimcheka. “Wewe nawe!”

“Ndiyo maana wamemtuma. Nani atamshuku bibi?”

“Basi ni mpelelezi wa ndoo. Kila akipita kwangu anazigeuza, vishikio vyote vitazame upande mmoja. Nikizubaa kidogo, kishamaliza.”

“Anazuga huyo. Mwone macho.”

Mama Rimoti akapiga hesabu zake. Kampuni ikiondoka hapa itafungua duka lake yenyewe, na duka jipya lataka wauzaji. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akamletea bibi kiti, akamletea na maji ya kunywa.

“Starehe, Bibi. Unaionaje picha?”

“Nzuri, mjukuu wangu. Ila naona runinga zimebanana na mabeseni.”

Anachokonoa, alijisemea Mama Rimoti. Akatupa jicho kushoto na kulia, kisha akainama.

“Nikwambie kweli, Bibi? Hapa si mahali pa runinga hizi. Mtu kaja kununua ufagio, utamuuzia runinga saa ngapi? Zinakula vumbi tu.”

Nyuma yao, msimamizi wa duka akakohoa. Alikuwa kwenye rafu ya sabuni, anapanga vitu vilivyokwisha kupangwa.

“Na mwenye duka haoni?” bibi akauliza.

“Mwenye duka! Tangu niajiriwe hajakanyaga hapa. Huyo anajua ndoo tu, Bibi. Ndoo na mabeseni.”

Msimamizi akakohoa tena, safari hii kwa nguvu, mpaka muuza ndoo akamuuliza kama ana pumu. Bibi naye alicheka mpaka kikapu kikatikisika.

“Sasa wewe ungeshauri nini?”

“Waachane. Kila mtu ashike njia yake. Na siku hiyo ikifika, Bibi yangu, msinisahau.”

“Nikusahauje, mjukuu wangu?”

Msimamizi alikohoa hadi machozi yakamtoka. Mama Rimoti akamkata jicho la pembeni. Wivu tu, alijisemea. Anajua kuwa nanyakuliwa.

Bibi alipoondoka, msimamizi akamvuta Mama Rimoti stoo.

“Mdomo huo, mama,” alinong’ona. “Nimekatazwa kusema lolote, lakini mdomo huo!”

“Bosi, wewe linda duka lako. Mimi najilinda mwenyewe.”

Akatoka kifua mbele. Ahaa! Kumbe msimamizi naye anajua kuwa bibi ni mtu wa kampuni, na anaogopa siri za duka zisivuje. Usiku ule Mama Rimoti alilala usingizi mtamu, wa kwanza tangu maneno yaanze.

Haikupita wiki, lori likaegeshwa mlangoni asubuhi. Wapagazi wakaanza kuzishusha runinga ukutani, moja baada ya nyingine, na kuzirudisha kwenye maboksi. Mama Rimoti alikuwa tayari. Alikuwa amevaa gauni lake la kuendea harusini, nywele zimesukwa upya. Mbele ya wafanyakazi wote akavua aproni, akaikabidhi mikononi mwa msimamizi.

“Asante kwa mabeseni,” akasema. “Mimi nafuata runinga zangu.”

Muuza ndoo akaziba mdomo kwa kiganja.

Mara akaingia bwana mmoja wa makamo, shati na tai yenye nembo ya kampuni ya runinga, jasho likimtiririka. Mama Rimoti akasogea mbele kwa tabasamu pana na mkono ulionyooshwa. Bwana yule akampita kama anayepita nguzo, akaenda moja kwa moja hadi kona ya ndoo. Pale bibi alikuwa ameinama, kikapu kiko sakafuni, anageuza vishikio vitazame upande mmoja.

“Bi Mkubwa, nakuomba,” bwana alisema. “Sisi hatukuwahi kufikiria kuondoka. Miaka yote hii tumeuzia dukani mwako. Tukae tena, tuzungumze.”

“Mimi nilikuwa na shaka tu kama niwaondoe, baba,” bibi alijibu, akinyoosha kiuno taratibu. “Aliyeniondolea shaka ni mjukuu wangu yule pale. Na sikumsahau. Nilitaka nimfanye mkuu wa kona ya mabeseni, ila naona aproni ameshaivua.”

Safari hii msimamizi hakukohoa.