Mwanga wa Kijani

Kila nyumba yenye wanafunzi wawili wa udaktari hupiga kura: mmoja aende wodini, mwenzake asomee nyumbani kwa miwani ya kompyuta inayoonyesha wagonjwa wa kuigiza. Kura ya Kemilembe iliangukia miwani. Mdogo wake, Kokusima, akapata wodi.

Miaka mitano Kemilembe aliwapima wagonjwa wa kwenye miwani sebuleni. Kila alipogusa penye ugonjwa, miwani iliwaka kijani kumjulisha kuwa amepatia. Roho ilimuuma kila Koku aliporudi na koti linalonuka dawa, maana mama alilifua kwa mikono yake, kisha akamwekea Koku kichwa cha samaki.

"Mwenzio ametoka kuhangaika na watu," alisema, kana kwamba Kemi alishinda akisukwa nywele.

Matokeo ya mtihani wa mwisho yakatoka. Kemi tisini na sita, Koku hamsini na nane. Leseni ni moja kwa kila nyumba, na hupewa mwenye alama za juu. Jumatatu Kemi angeanza kutibu. Koku alimpongeza, akaenda kurudisha koti. Kemi hakumwonea huruma hata chembe.

Adhuhuri ya siku hiyo mama alijikunja sakafuni, ameshika tumbo.

"Niitie Koku."

"Mama, daktari ni mimi!"

Akapiga magoti, akaweka mkono. Tumbo lilikuwa na joto, tena lilicheza chini ya vidole. Hilo miwani haikuwahi kumfundisha. Akabonyeza, akangoja. Mama akapiga yowe. Akabonyeza pengine, akangoja tena.

"Mwanangu," mama alinong'ona, "unangoja nini?"